Safari ya Mchezo Kutoka Ubaoni Hadi Mtamboni

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, aghalabu tunaanza na ngoma, tunafuatia na mashairi, kisha tunakwenda kwenye uchongaji na mapishi. Mchezo wa kukaa kitako hutajwa mwishoni, ikiwa utatajwa. Labda ni kwa sababu wachezao bao huonekana kuwa ni watu waliokwisha kumaliza kazi zao, na mtu aliyemaliza kazi hapewi heshima kubwa na wale ambao kazi ingali imewalemea. Lakini mchezo wa ubaoni ni hesabu, ni sheria, na ni mazungumzo. Na katika miaka hii ya karibuni umepatwa na jambo ambalo yafaa walimu na wanafunzi wetu walijue. Michezo iliyokuwa ikichezwa mezani, mkekani na barazani imehamishiwa ndani ya mitambo ya umeme. Katika uhamisho huo iko michezo iliyofika salama, iko iliyofika imepungua, na uko mmoja ulioachwa njiani huku nafasi yake ikikaliwa na ndugu yake mdogo. Huo wa mwisho ndio unaotuhusu zaidi; lakini hatuwezi kuelewa yaliyoupata bila ya kuanza na mwingine, wa kwao wengine, uliofika salama.

Nchini Ujerumani, katika nusu ya pili ya karne ya 20, ilikuzwa desturi ya familia kukaa mezani jioni na kucheza michezo iliyobuniwa na mafundi wa kazi hiyo. Jina la mbunifu liliandikwa juu ya sanduku la mchezo kama jina la mwandishi linavyoandikwa juu ya kitabu. Tangu mwaka 1979 imekuwapo tuzo iitwayo Spiel des Jahres, yaani Mchezo wa Mwaka, na mchezo uliotunukiwa huweza kuingia katika nyumba nyingi sana kwa msimu mmoja. Mwaka 1995 tuzo hiyo ilipewa mchezo wa bwana mmoja aitwaye Klaus Teuber. Huyu alizaliwa mwaka 1952, na kazi iliyomlisha ilikuwa ni ufundi wa meno ya bandia. Jioni alikuwa akitengeneza michezo nyumbani kwake na kuijaribu pamoja na mkewe na wanawe, akibadili sheria hii na kuitupa ile, mpaka ukapatikana mchezo alioridhika nao. Aliuita kwa Kijerumani jina ambalo kwa Kiswahili ni Walowezi wa Catan.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo. Catan ni kisiwa cha kufikirika. Kinaundwa kwa vipande 19 vya pembe sita, navyo ni misitu, malisho, mashamba, vilima vya udongo, milima ya mawe na jangwa moja. Wachezaji hufika, hujenga barabara, vijiji na miji, na kisiwani humo hawamkuti mtu. Sisi wa nchi zilizowaonja walowezi hatuwezi kulisikia neno hilo bila ya kukunja uso, kwani hatujapata kukijua kisiwa walichofika walowezi wasikute mtu. Mwaka 2015 wenye mchezo walilifupisha jina, wakabakiza Catan tu. Hata hivyo haki ya mchezo tuitoe: ni mchezo uliofikiriwa vizuri. Dado mbili hurushwa, na ardhi yenye namba iliyotokea humpa mazao yule aliyejenga kando yake. Mwanafunzi wa hesabu atang'amua upesi kwamba namba 7 ina njia 6 kati ya 36 za kutokea, na namba 2 ina njia moja tu. Na kwa hiyo mwenye akili hajengi mahali popote tu. Namba 7 yenyewe haileti mavuno, huleta jambazi. Wala hakuna awezaye kupata kila anachokihitaji kutoka katika ardhi yake mwenyewe. Lazima abadilishane: kondoo kwa matofali, nafaka kwa mbao. Nusu ya mchezo imo mdomoni. Anayefikisha alama 10 kwanza ndiye mshindi.

Sasa tuutazame mtambo. Neno konsoli limezoeleka kwa vijana, lakini kwa faida ya wazee tuseme kuwa ni kisanduku kinachounganishwa na televisheni, na mchezaji hukiamrisha kwa vitufe alivyovishika mkononi. Kwa miaka mingi mchezo wa konsoli uliuzwa dukani kama sahani ya santuri inavyouzwa. Kampuni ya Microsoft ya Marekani ilianzisha mwaka 2004 duka lisilokuwa na mlango, liitwalo Xbox Live Arcade, na mwaka 2005 ikalitia nguvu ilipotoa konsoli yake ya Xbox 360. Katika duka hilo mchezo haukuwa na sanduku wala sahani. Mnunuzi alilipa kwa njia ya intaneti, akaupakua mchezo, ukashuka ndani ya mtambo wake. Hapo mwanzoni kila mchezo wa duka hilo uliwekewa kikomo cha megabaiti 50, ili uweze kuingia katika kadi ndogo ya kuhifadhia. Michezo mikubwa ya vita na magari haikuenea humo. Mchezo wa ubaoni ulienea bila ya shida, kwa kuwa picha zake ni chache na uzito wake umo katika sheria.

Basi tarehe 2 Mei 2007 Catan ulitolewa katika duka hilo kwa bei ya dola 10 za Marekani. Waliouandika ni kikundi cha Big Huge Games, wakiongozwa na Brian Reynolds, mtu aliyekwisha kupata sifa kwa michezo ya kompyuta inayohusu kujenga himaya. Mwezi wa Juni mwaka huo huo ukafuata Carcassonne wa Klaus-Jürgen Wrede, mchezo wa vigae 72 uliopewa jina la mji wa kale wa Ufaransa wenye maboma. Na mwaka 2008 ukaja Ticket to Ride wa Alan R. Moon, unaohusu njia za reli.

Ni kazi gani waliyoifanya hao walioihamisha michezo hii? Mtu asiyeijua kompyuta hudhani kuwa walichora picha tu. Picha ndiyo sehemu nyepesi. Kazi yenyewe ni kuueleza mtambo sheria zote, bila ya kubakiza hata moja, kwani mtambo hauna busara ya kujaza pengo. Watu wanne wakiwa mezani na likitokea jambo ambalo kitabu cha sheria hakikulitaja, watabishana, atatokea mmoja aseme tufanye hivi, na mchezo utaendelea. Mtambo hauwezi kufanya hivyo. Au umeambiwa, au haukuambiwa. Kama haukuambiwa utakwama, au utafanya jambo la kijinga kwa ujasiri mkubwa. Kwa hiyo mwandishi wa programu ni kama karani anayemwandikia hakimu asiyekuwa na akili ya kawaida: kila neno lisilowekwa wazi litakuja kumwaibisha.

Ziko faida zilizopatikana. Katika Carcassonne wachezaji huwaweka watu wao katika mashamba, na mwisho wa mchezo mashamba hayo huhesabiwa kwa kanuni ngumu kidogo, ambayo imezua ugomvi katika familia nyingi. Mtambo ulihesabu wenyewe, ugomvi ukaisha. Pia mtu aliyeko kijijini, asiyekuwa na mwenziwe wa kucheza naye, aliweza kukutana na mtu wa nchi nyingine, au kucheza na mtambo wenyewe. Si jambo dogo.

Lakini iko hasara ambayo kila anayependa mazungumzo ataihisi. Katika Catan kila mchezaji hushika karata zake kwa siri. Televisheni ni moja, na kila aliyeko chumbani huiona. Kwa sababu hiyo mchezo ule wa mwaka 2007 haukuruhusu watu wa chumba kimoja kushindana. Ulichezwa na mtambo, au na watu walio mbali kwa intaneti. Zingatia kioja hiki: mchezo uliozaliwa kwenye meza ya familia uligeuka kuwa mchezo ambao ndugu wawili waliokaa katika kochi moja hawakuweza kuucheza pamoja. Na yale mabadilishano, ambayo ndiyo roho ya mchezo, yakawa ni kubonyeza: natoa hiki, nataka kile, ndiyo, hapana. Kubembeleza, kutishia, kucheka, kujifanya huna shida na mbao huku unazihitaji kwa udi na uvumba, hayo yote yakabaki nje, ila kwa yule aliyevaa kinasa sauti kichwani. Wenye duka wenyewe waliijua kasoro hiyo. Mwaka 2006 walipouingiza mchezo wa karata wa UNO, wachezaji waliokuwa na kamera waliweza kuonana nyuso, na naona wengi walizipenda nyuso kuliko karata.

Pamoja na hayo, tukiufungua mchezo wa mtamboni tutaukuta ni Catan ule ule. Vipande ni 19, jambazi yupo, alama ni 10. Ulihama ukiwa mzima. Sababu ni mbili, na zote mbili ni nyepesi. Kwanza, sheria zake zilikuwa zimeandikwa na kuchapishwa kwa ukamilifu. Pili, alikuwapo mwenyewe. Teuber alikuwa hai. Alifariki mwaka 2023. Jina la mchezo lilikuwa na wenyewe, na aliyetaka kulitumia ilimlazimu abishe hodi.

Si kila mchezo umebahatika kuwa na mlango wa kubishiwa hodi. Watoto wetu wa mijini wanacheza ludo. Ludo ni mtoto wa pachisi, mchezo wa kale wa Bara Hindi. Waingereza waliuona, wakaupunguza, na mwaka 1896 ukapewa hataza huko Uingereza kwa jina la ludo. Kisha ukasafiri katika dola yao, ukarudi mpaka Bara Hindi kwenyewe, ukafika na kwetu. Hatuuchukii ludo, tumewafundisha watoto wetu kuhesabu kwa dado yake. Lakini ni nani barazani anayeikumbuka pachisi?

Sasa tufike nyumbani. Michezo ya kupanda mbegu mashimoni imeenea Afrika nzima, Arabuni na Asia, na wataalamu huiita yote kwa jina moja la mankala. Afrika ya Magharibi wanacheza awale, wenye mashimo 12 na mbegu 48. Wakomoro wana mraha. Wamalawi wana bawo wao. Waomani wana hawalisi, wenye safu nne za mashimo saba saba. Na pwani ya Kiswahili kuna bao la Kiswahili, lenye safu nne za mashimo manane, na kete 64, aghalabu za komwe. Hatusemi kwa majivuno bali kwa kuwa wanaoijua michezo hiyo wamelikiri: bao la Kiswahili ni miongoni mwa iliyo migumu na iliyokamilika zaidi katika ukoo wote huo.

Hata hivyo mtambo haukulijua bao. Ulimjua mwingine. Mwaka 1940 Mmarekani mmoja wa jimbo la Massachusetts, William Julius Champion, alibuni mchezo alioupa jina la Kalah. Alichukua mfano wa mankala, akauweka katika safu mbili za mashimo sita sita, na kila upande akaweka ghala moja la kuwekea ushindi. Miaka ya 1950 alijipatia hataza, akaanza kuuza. Sheria zake zinaenea katika ukurasa mmoja, na mtoto huzijua kwa dakika kumi. Kwa hiyo miaka ya 1960, wataalamu wa kompyuta wa Marekani walipotafuta mchezo mdogo wa kuifundisha mitambo yao kufikiri, waliuona Kalah. Mwaka 1964 palikuwapo programu ya Kalah katika Chuo Kikuu cha Stanford. Walichagua kwa haki: sheria zilikuwa zimeandikwa, na mashimo yalikuwa machache. Bao halikukataliwa, kwani halikuwapo mezani hata likataliwe.

Mlango ukishafunguliwa na mmoja, wanaofuata hupita hapo hapo. Mwaka 2000 kampuni ya Nokia ya Finlandi ilitoa simu ya 3310, ambayo duniani ziliuzwa zaidi ya milioni 100, na ambayo katika nchi zetu ilikuwa simu ya kwanza kwa watu wengi. Ndani yake mlikuwa na mchezo ulioitwa Bantumi. Sisi wenyewe tuliucheza tukisubiri daladala, tukifurahi kwamba Wazungu wametukumbuka, maana jina lilikuwa na mlio wa kwetu. Baada ya wiki tuligundua kwamba jina ni la Kibantu lakini sheria ni za Massachusetts. Ulikuwa ni Kalah. Na tarehe 5 Juni 2020 kampuni ya Nintendo ya Japani ilipotoa mkusanyo wa michezo 51 ya dunia nzima kwa konsoli yake ya Switch, ambao waweza kupakuliwa kwa intaneti, mchezo wa kwanza katika orodha uliitwa Mancala. Mwanafunzi atakayeufungua ataukuta ubao wa safu mbili na ghala mbili. Hivyo mtoto wa Tokyo, au wa Chicago, na kesho wa Morogoro, atakua akiamini kuwa huo ndio mchezo wa Waafrika.

Msomaji atauliza: kuna tofauti gani? Si kupanda mbegu tu? Tujibu kwa mfano mmoja. Katika Kalah kete ikiliwa huingia ghalani, ikatoka mchezoni, na mwisho anayeshinda ni aliyelimbikiza zaidi. Katika bao kete haifi. Ukila kete za mwenzio huziweki pembeni; unazipanda upande wako kuanzia kichwani, nazo zinaendelea kufanya kazi, na huenda baada ya mikono mitatu zikaliwa zikarudi zilikotoka. Kete 64 zinazoingia mchezoni zimo ubaoni hadi mwisho. Hushindi kwa kulimbikiza. Unashinda kwa kuimaliza safu ya mbele ya mwenzio, au kwa kumfikisha mahali ambapo hana la kucheza. Huu si mchezo wenye sheria za ziada tu. Ni fikra nyingine kabisa.

Na zile sheria zenyewe! Mchezo huanza kila mmoja akiwa na kete 10 ubaoni, sita katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya kando yake, na 22 mkononi. Huo ni wakati wa namua, ambapo kete za mkononi huingizwa moja moja. Zikimalizika, huanza wakati wa mtaji, na sheria hubadilika. Mwenye la kula lazima ale. Asiyekuwa na la kula hutakata. Ukila katika kichwa au kimbi, upande wa kupanda umekwisha kuamuliwa. Ukila katikati, mambo ni mengine. Nyumba yenye kete sita na zaidi ina haki zake, na ikichezwa kwa kutakata wakati wa namua hutoa kete mbili tu. Kisha kuna kutakasia, ambako mchezaji asiyekuwa na la kula huzuiwa asilikimbize shimo lake moja lililomo hatarini, isipokuwa shimo hilo likiwa ni nyumba, au likiwa ndilo pekee lililobaki na kitu safu ya mbele, na isipokuwa nyingine ambazo tukizitaja zote insha hii itakuwa ni ya kutakasia peke yake.

Wageni wachache walijitahidi. Mholanzi Alex de Voogt aliwafuata mafundi wa bao wa Zanzibar, na mwaka 1995 alichapisha huko Leiden kitabu kinachoeleza jinsi mafundi hao wanavyohesabu vichwani mwao mzunguko mrefu wa kete kabla ya kuinua hata moja. Kwa kutegemea kazi za namna hiyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Maastricht waliiandikia kompyuta programu ya bao mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wakati huo huo wenzao walikuwa wameshaimaliza michezo midogo. Mwaka 2000 Kalah ulichambuliwa hata ikajulikana nani atashinda katika vibao vingi vyake. Na mwaka 2002 wataalamu wawili wa Amsterdam, John Romein na Henri Bal, waliuchambua awale kwa kompyuta zenye nguvu, wakapitia hali zaidi ya bilioni 889, wakathibitisha kwamba wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare. Bao halikumalizwa hivyo. Zaidi ya wingi wa hali zake, lina jambo moja linalowatia kiwewe waandishi wa programu: yawezekana mkono mmoja ukazunguka bila ya kikomo, kete ikiangukia penye kete, ikachukuliwa, ikapandwa, ikaangukia tena penye kete. Fundi wa barazani jambo hilo halimkoseshi usingizi. Mtambo lazima uambiwe ni lini uache.

Tuliwahi kuwa katika baraza moja ya Unguja, alasiri, ambapo kijana mmoja mwenye ujuzi wa kompyuta alimletea babu yake simu yenye programu ya bao. Ilikuwa na safu nne, kete 64, na nyumba ya mraba; wazee walikaribia kutazama. Mzee aliishika simu kwa adabu, kama mtu anayeshika mtoto wa watu, akaanza kucheza. Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipokula, na kete yake ya mwisho ikaangukia katika nyumba yake mwenyewe. Ilikuwa namua bado. Wakati huo mchezaji ana hiari: aweza kuilaza nyumba, akasimama hapo, au aweza kuitia safarini, akazichukua kete zote na kuendelea. Hiari hiyo ndiyo mchezo. Nyumba iliyolala ni akiba ya baadaye. Nyumba iliyosafiri huenda isirudi. Mzee alikuwa amepanga kulaza. Kabla hajaondoa kidole, kete za nyumba zilianza kuruka zenyewe moja baada ya moja kuzunguka kioo. Programu haikumuuliza. Aliyeiandika hakujua kuwa hapo panaulizwa.

Mzee hakukasirika. Alimrudishia mjukuu wake simu, akasema kwa upole kwamba huyo aliyemo ndani hajafunzwa, amechungulia tu dirishani. Wazee walicheka, na kijana naye akacheka, lakini tulimwona uso umembadilika.

Ni rahisi kusema kuwa mtambo ni adui wa utamaduni, na tumeshasikia hotuba za namna hiyo. Sisi hatukubaliani nazo. Mwalimu Nyerere alilipenda bao na kulicheza na wazee wenzake, naye hakuwa mtu wa kukimbia elimu mpya. Wala hatusemi mtambo ni mlezi wa kutegemewa. Duka lile lisilokuwa na mlango, lililouza Catan mwaka 2007, lilifungwa tarehe 29 Julai 2024. Ambaye hakuwa amenunua humo hanunui tena. Ubao wa mninga uliochongwa siku mchezo ule ulipotoka ungali unachezewa, na siku ile duka linafungwa ulikuwa na kete juu yake. Ila ubao hauwezi kumfikia mtoto wa Tokyo, wala hauwezi kumfikia mtoto wetu mwenyewe ambaye baba yake amehamia mjini katika nyumba isiyokuwa na baraza. Mtambo unaweza. Swali la kujibiwa ni nani atakayekaa na mwandishi wa programu na kumwambia kwamba hapo panaulizwa.

Wako waliotangulia. Kazakhstan, Kirgizstani na Uturuki zina michezo yao ya ukoo huu wa mankala, na mwaka 2020 nchi hizo tatu kwa pamoja ziliiingiza katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Anayetaka kuiandikia programu leo anajua mlango wa kubisha hodi ulipo.

Kijana wa baraza ile hakungoja mlango. Alirudi siku ya pili na daftari la shule, la mistari, akakaa chini mkekani. Alianza kumuuliza babu yake mambo ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza mzee huyo kwa maneno, kwani yeye mwenyewe alijifunza kwa kutazama na kwa kufungwa: Ikiwa nyumba ina kete tano si sita, je? Ikiwa imeshasafiri mara moja, ikajaa tena, ni nyumba bado? Mkono ukizunguka mno, nani husema basi? Baadhi ya majibu yalitoka papo hapo. Mengine mzee aliinama ubaoni, akapanga kete, akacheza kimya kimya, ndipo akajua anachokijua. Kutakasia kulichukua alasiri mbili. Alasiri ya tatu walifika wazee wawili wa mtaa wa jirani, wakasomewa yaliyoandikwa, wakayapinga mambo mawili kwa nguvu, wakisema kwao hawachezi hivyo na hawakupata kucheza hivyo. Ubishi ulidumu mpaka adhana ya magharibi. Kijana hakufuta kitu. Alipiga mstari katikati ya ukurasa, upande mmoja akaandika kauli ya babu yake, upande wa pili kauli ya wageni, na chini yake akaandika majina ya mitaa yote miwili.